Nywele za Mama wa Vitumbua

Mwenzangu aliyenisaliti tulitahiriwa naye siku moja, kwa kisu kimoja, tukalala kwenye mkeka mmoja mpaka tukapona. Nalisema hilo mwanzoni kabisa ili usije ukaniuliza baadaye, "Mbona ulimwamini?" Watu wananiuliza hivyo mpaka leo, na kila anayeniuliza natamani kumzaba kibao. Ningemwamini nani basi? Kwetu Kasongo mtu wa jando lako anamzidi ndugu wa tumbo moja. Ndugu umezaliwa ukamkuta tu. Huyu mmelia pamoja, kila mmoja akimwona mwenzake anavyolia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji, ingawa hakuna kati yetu aliyejua kwamba ni ya mwisho. Tulikuwa tunapiga watu picha, sisi wawili. Kamera ilikuwa ya Mzungu mmoja mwenye magazini, duka kubwa kando ya soko lililouza vitambaa, chumvi na majembe. Alituazima kamera, akatupa filamu na dawa, na nyuma ya duka akatupa kachumba kasiko na dirisha, ka kusafishia picha. Tulichopata tuligawana naye.

Mimi nilikuwa mdomo, mwenzangu alikuwa mikono. Yeye alikuwa mtu wa haya, kumsalimia mgeni tu kulimtoa jasho, lakini ndani ya kile kichumba vidole vyake havikukosea. Mimi kinyume chake. Mikono yangu mizito, ila nikianza kuongea hata mtu aliyekuja sokoni kugombana atakaa chini anisikilize. Basi mimi nilitembea na kamera sokoni, barabarani, kivukoni, mbele ya misheni siku ya Jumapili na mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, yeye akabaki gizani. Picha zikiwa tayari nilizipeleka mimi mwenyewe kwa wenyewe. Katika miaka yote ile hakuna mteja aliyewahi kusikia sauti yake.

Na watu waliogopa, usifikiri ni mchezo. Leo mtoto akiona kamera anakimbilia mbele; wakati ule mtu mzima alikimbilia nyuma ya nyumba. Wala hawakuwa wajinga. Picha waliyoijua ni ya mtu aliyefungwa, ameshikishwa kibao chenye namba kifuani. Bulamatari, yaani serikali ya Wabelgiji, haikuwahi kumwandika mtu jina, kijiji na sura kwa ajili ya kumfurahisha. Mwanamume aliyekimbia shamba la pamba la lazima kule Kabambare, akaja kujificha kwa shemeji yake mjini, akikuona unamwelekezea kioo atafikiri nini? Wanawake wenye mimba walifunika tumbo. Wazee walisema kivuli cha mtu kikishachukuliwa hakirudi.

Mimi nilikuwa na namna yangu. Siku ya kwanza siendi na kamera kabisa. Naenda mikono mitupu, nasalimia, nauliza bei ya mihogo, na ikitajwa nalalamika kama watu wote. Siku ya pili naja nayo imefungwa katika mfuko wake, naiweka chini kando ya mtu mwenye sauti pale sokoni, namwambia, "Mama, unitunzie kitu yangu hapa, niko narudi." Akishaitunza mara mbili haiogopi tena, anaanza yeye kuwafukuza watoto wasiiguse. Siku ya tatu naifungua bila filamu ndani, nawaachia wachungulie kwenye kile kioo cha juu, wawaone jirani zao wadogo wadogo wanatembea humo. Hapo kelele! "Ee, muone yule, hata mule ndani iko na mwendo wake wa bata!" Mtu akishacheka hivyo, kazi imebaki nusu.

Tena sikupiga picha nimesimama juu ya mtu. Nilikaa chini, chini kuliko yeye. Penye kundi nilimuuliza kwanza yule mwenye uso wa kukataa, kwa maana wengine wote wanamtazama yeye. Akisema hapana, basi hapana: nafunga kamera mbele ya macho yake na kuuliza habari za watoto. Wengi wa waliokataa walinifuata wenyewe wiki iliyofuata. Na katika mfuko wa shati nilikuwa na picha yangu mwenyewe, ambayo mwenzangu alinipiga nikipiga chafya, mdomo wazi, macho yamefumba, pua juu. Nilimwonyesha kila mtu mwenye wasiwasi. "Huyu ndiye anayetaka kukupiga picha. Unamwogopa?"

Lakini dawa yenyewe ilikuwa mbegu. Mbegu ndivyo nilivyokiita kile kipande cha filamu chenye sura nyeusi, ambacho picha zote hutoka kwacho. Nilimwambia mtu hivi: bila mbegu picha haizai nyingine. Nitakupa picha yako, na mbegu yake nitakutia mkononi. Ukitaka izike, ukitaka ichome, mimi sibaki na kitu. Na niliitoa kweli, kila mara, katika bahasha moja na picha. Kwa maneno hayo niliwapata watu ambao hata padri alikuwa ameshindwa nao. Mzee mmoja wa Lusangi alitaka apigwe kwa nyuma, mgongo na kisogo, kwa sababu, alisema, uso wake anauona kwenye maji lakini hajawahi kujua wanaomfuata njiani wanaona nini. Mvushaji mmoja wa Nyangwe alikubali baada ya mimi kukaa katika mtumbwi wake kutwa nzima, navuka na kurudi, navuka na kurudi, nikiwasaidia kina mama kupandisha mizigo. Kule Wamaza, nilikofika kwa baiskeli na mahali pengine nikiibeba hiyo baiskeli begani, mwanamke mwenye mimba kubwa alisimama mbele ya nyumba yake, akaweka mikono juu ya tumbo akasema, "Piga. Lakini mbegu iko yangu." Nikampa. Nilikuwa najivuna, wacha niseme ukweli. Nilijiona ni mtu wa amana.

Sasa mama wa vitumbua.

Alikaa sokoni Kasongo chini ya kibaraza cha upande wa msikiti, yeye na mke mwenzie. Walikuwa wajane wa mume mmoja. Mume alipokufa watu walifikiri wataachana siku ya arobaini. Wao wakaendelea kuishi nyumba moja na kuuza kwenye sinia moja, mmoja akichoma vitumbua, mwingine akiviuza na kusema watu. Msema watu alikuwa mke mdogo. Mke mkubwa, huyo ninayemwita mama wa vitumbua, alikuwa mtu wa maneno machache, na mtandio wake mweupe ulifungwa mpaka kwenye nyusi.

Nilimzungukia karibu miezi miwili bila kupata kitu. Kamera yangu aliitunza, kioo alichungulia, chafya yangu aliicheka mpaka akajishika ubavu. Picha, hapana. Halafu asubuhi moja, soko bado halijajaa, akaniita mwenyewe.

"Baba," akasema, maana ndivyo alivyoniita ingawa mwanawe ananizidi umri, "ile mashine yako inaweza kuonyesha rangi ya nywele?"

Nikamwambia nyeupe itatoka nyeupe, nyeusi itatoka nyeusi. Akageuza kitumbua, kisha akanieleza. Mwanawe wa pekee alikwenda kwenye machimbo ya bati kule Kalima, baba yake akiwa bado hai, akasema anakwenda kutafuta mahari. Mahari alishapata, mke alishaoa hukohuko, watoto wameshazaliwa, na nyumbani hajarudi hata siku moja. Kila barua mama anaomba, "Njoo unione, nimezeeka." Kila barua mwana anajibu, "Mama, wewe bado kijana, nitakuja tu." Alipoondoka nywele za mama zilikuwa nyeusi. Yeye anakumbuka zile.

"Akiziona atakuja," alisema mama. "Barua haina nywele. Ataendelea kuniita kijana mpaka siku watamuandikia nimekufa. Lakini kichwa changu, tangu nilipovunja ungo, mwanaume wa inje hajakiona. Baba yake peke yake, na yeye alipokuwa mutoto mudogo. Wewe uko mwanaume wa inje. Sasa tutafanya namna gani?"

Mke mdogo akadakia, "Afunge macho! Kwani anapiga kwa macho ao kwa kidole?"

Tukacheka, lakini hapohapo nikaona njia. Nilipima kwa kamba kutoka kwenye kamera mpaka puani pake, akiwa bado amejifunika. Nikaiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, nikatengeneza kila kitu, nikamwonyesha mke mdogo pa kubonyeza. Kesho yake, jua lilipopanda kidogo na watu bado wachache, walitundika kanga mbili kwenye kamba nyuma ya kibaraza kuziba njia, na mimi nikageuka kutazama ukuta. Nikaona haitoshi, nikavua koti nikajifunika kichwa. Nikasimama vile kama mtu anayenyeshewa, nasikia mtandio unafunguliwa nyuma yangu.

"Sasa," nikasema ukutani, "asitikisike, asipumue."

"Ni mimi nisipumue ao ni yeye?" akauliza mke mdogo.

"Wote wawili!"

Nikasikia tik. Nikangoja mpaka mama mwenyewe aliposema, "Geuka, baba, nimeisha kufunga." Uso wake wote ulikuwa jasho. Ndipo akaniuliza swali.

"Na mwenye kupika picha, yeye ataona?"

Hapo ndipo kusema kweli kulinishinda. Ningesema: ndiyo mama, yuko mtu, mwanamume, mwenzangu wa jando, na lazima aione. Nikafikiri nikisema hivyo ataniomba filamu aitupe kwenye moto wa vitumbua, mwana hatakuja, na mimi nimejifunika koti bure. Nikamwambia, "Mama, picha inapikwa gizani. Gizani hakuna anayeona. Wallahi, hakuna mwanamume atakayeona kichwa chako isipokuwa mwanao." Nikainua na mkono juu. Akaitikia kwa kichwa, akaamini. Kiapo kizito kile kilinitoka chepesi kama salamu.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenzangu. Nikamweleza habari yote, na koti langu na kinu na mwana wa Kalima. Nikamshika bega. Safisha hii ukitazama pembeni, nikamwambia, toa picha moja tu, itie katika bahasha kifudifudi pamoja na mbegu yake, ziba, unipe. Hata mimi usiniachie niione.

"Wewe nawe!" akasema. "Haya."

Nikaridhika. Sikuona haja ya kumwapisha mtu niliyelia naye mkeka mmoja.

Bahasha ilikuwa tayari siku ya pili, imezibwa. Nikampelekea mama nyumbani kwake. Walijifungia ndani, yeye na mke mwenzie, mimi nikabaki kibarazani. Nikasikia mke mdogo anapiga kigelegele, halafu, "Kumbe umezeeka hivi! Na miye nalala nyumba moja na bibi kizee huyu!" Mama akacheka kicheko cha msichana. Mbegu aliichoma palepale, harufu yake ilinifikia nje. Picha akaitia katika barua niliyomwandikia mwenyewe, tukaipeleka posta sote watatu.

Tangu siku ile kazi yangu ilibadilika. Mama wa vitumbua aliwaambia wanawake wenzake, "Yule mutoto iko na amana," akaishia hapo, na hayo yakatosha. Walionikatalia siku zote wakanijia. Nilipiga picha wake za watu na mama za watu, bibi harusi kwenye kizingiti cha mlango, shangazi waliokuwa hawatoki nje. Wote niliwapa mbegu. Mvua zikaja, zikakatika. Kila siku ya barua nilipotoka posta mama alinitazama kutoka kwenye sinia lake, nami nikatikisa kichwa. "Bado, mama."

"Itafika," akasema yeye, kana kwamba mimi ndiye wa kutulizwa.

Mwana alikuja bila kuandika. Ilikuwa siku ya soko, adhuhuri, kwa baiskeli, vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye kope. Mimi sikumjua. Mke mdogo ndiye aliyepiga ukelele akaangusha mwiko. Mama akasimama. Akafungua mikono yote miwili, vidole vimejaa mafuta, analia na kucheka. "Umeona! Umeona nywele zangu!"

Mwana hakumkumbatia. "Nimeziona, mama," akasema. "Wote tumeziona."

Akatoa kadi mfukoni akaiweka juu ya sinia, juu ya vitumbua. Ilikuwa kadi ya salamu, ile ngumu ya dukani, inayobandikwa stempu kwa nyuma. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nikasogea, na ndipo nami nilipoziona nywele za mama yule kwa mara ya kwanza, pamoja na soko zima. Zilikuwa nyeupe kabisa, zimesukwa mistari myembamba kwenda nyuma, na utosini zilikuwa zimepungua, ngozi inaonekana. Alikuwa anatazama mbele na kutabasamu, tabasamu la mtu anayejua nani atamtazama. Chini yake palichapishwa maneno ya Kifaransa: bibi kizee wa Kiarabu, Maniema, ndilo jimbo letu. Wala hakuwa Mwarabu, baba yake alikuwa Mbangubangu wa Kabambare, anajulikana. Hata ukoo walimnyang'anya.

Mwana akaeleza kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Angepiga kelele ningepata nafuu. Kadi hizo ziliuzwa kwenye magazini ya kambi kule machimboni, pamoja na picha za tembo na za maporomoko ya maji. Karani mmoja alikuwa amebandika moja ukutani juu ya kitanda chake. Vijana walioingia humo kunywa waliisemea maneno. Mmoja akamwambia, "Wewe na huyu bibi mna paji la uso moja." Barua ya mama, na picha yake ndani, ilikuwa imemfika siku nyingi kabla. Alikuwa amelia. Alikuwa ameifunga picha katika kitambaa akaiweka chini ya nguo zake, akaomba ruhusa ya kuja nyumbani, na alikuwa anangojea karatasi tu. Ndipo akaikuta nyingine kwa yule karani.

Yaani angekuja. Mama alikuwa amehesabu sawasawa kabisa. Angekuja kwa sababu ya zile nywele, na angemkumbatia.

"Nani alikupiga?" mwana akauliza.

Mama hakunitaja wala hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, na soko lote likanigeukia. Akasema polepole, hana hasira, ila anataka kuelewa, "Baba, uliniambia gizani hakuna anayeona."

Mama akachukua kanga akafunika sinia, kadi ikiwa humohumo, akajitwika, wakaenda zao watatu. Vitumbua vilivyobaki kwenye mafuta viliungua, na hakuna aliyevitoa.

Nilikimbia mpaka kwenye kichumba. Mwenzangu alikuwa amekaa mlangoni anakausha picha kwenye kamba. Nikamwambia, "Mama wa vitumbua." Hayo tu. Hakuuliza amefanya nini, hakuuliza ana nini. Aliweka chini alichokishika. Nikajua. Nikamkamata shingo ya shati nikampiga makofi, moja, mbili, tatu, mpaka kiganja kikaniuma, naye hakunirudishia hata moja.

Halafu akavuta sanduku la bati chini ya meza, akalifungua mwenyewe. Nadhani alikuwa amechoka kulificha. Humo mlijaa kadi kama ile ya mama, na kwenye moja nikauona mgongo wa mzee wa Lusangi. Nikamwona mvushaji wangu wa Nyangwe. Nikaliona tumbo la yule mwanamke wa Wamaza na mikono yake juu. Mabibi harusi, mashangazi, wote. Kila mtu niliyemwambia kwamba sibaki na kitu. Kila mbegu, kabla sijaikabidhi, ilikuwa imeshatoa picha ya pili, na hiyo ya pili ilikwenda kwa mwenye magazini, naye akaipeleka Ulaya, ikarudi kadi.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoanza."

Mwenye magazini alikuwa amemwahidi kumpeleka Bukavu, kwenye nyumba kubwa ya picha, awe na chumba chake chenye maji ya bomba. "Wewe uko na mudomo," akaniambia, "popote utakula. Mimi niko na nini?"

"Ungeniambia! Shetani wewe, ungeniambia! Nilikushika bega ukaniambia haya!"

"Nilisema haya ili uniache nifanye kazi." Alikuwa anajipangusa damu mdomoni kwa kitambaa cha kufutia vioo. "Kuapa, uliapa wewe. Mimi, katika hao watu wote, nimemwapia nani? Hata hawanijui."

Swali hilo nimelijibu mara nyingi sana nikiwa peke yangu, shambani, njiani, kitandani. Siku ile nilimchukia kwa kunisaliti, na nikamchukia zaidi kwa sababu alichosema kilikuwa kweli: walioniamini waliniamini mimi, na gizani niliwaingiza mimi.

Nilikwenda kwa mwenye magazini na ile kamera. Alinisikiliza, mikono juu ya kaunta, halafu akacheka, wala si kicheko kibaya, na hilo likanichoma zaidi. "Lakini picha nzuri sana!" akasema kwa Kiswahili chake. "Bibi muzuri sana!" Akanyoosha mkono chini ya kaunta, alikozificha, anipe kadi moja ya bure. Niliiacha kamera mbele yake nikatoka. Nimshitaki wapi? Kwa administrateri, Mbelgiji mkuu wa wilaya, anayekula naye kila Jumapili? Ningefungwa mimi kwa kelele.

Niliona lazima niwaambie watu. Nilianzia Nyangwe. Mvushaji alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota upondo wake, akasukuma mtumbwi na kuniacha ukingoni. Mzee wa Lusangi ndiye aliyenishangaza: aliniuliza Wazungu wamekisifu kisogo chake ao hapana, akasikitika sikuwa na kadi ya kumwonyesha. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia mbele yake. Wamaza sikwenda. Nilifika nusu ya njia nikageuza baiskeli.

Mwenzangu alikwenda Bukavu mwaka uleule. Hakuniaga. Wanasema alipata chumba chake.

Mwana wa Kalima alikaa siku tatu. Majirani walisema alilala kwa mjomba wake, si kwa mama, na siku zote tatu alikula kwa mjomba. Mama alimpelekea chakula kwa mkono wa mke mwenzie, kikarudi na mfuniko wake. Siku ya nne alipanda baiskeli. Tangu hapo mama hakuonekana tena sokoni. Mke mdogo aliuza peke yake vitumbua vigumu, vya kuungua ukingo mmoja, wala hakumsema mtu.

Nilikaa mwezi mzima nikijikaza. Ijumaa moja, baada ya sala, nikavaa kanzu safi nikaenda. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba nywele zake sikuwa nimeziona kabla, kwamba mimi mwenyewe niliziona siku ileile ya kadi, kwamba nimesalitiwa kama yeye. Njia nzima niliyarudia hayo, na yalikuwa mazuri.

"Hodi," nikasema. "Salam aleikum, mama. Ni mimi."

Pazia la mlangoni lilikuwa limeshuka. Nikapiga hodi ya pili. Ndipo nikaisikia sauti yake ndani, karibu sana, labda alikuwa amekaa nyuma ya pazia lenyewe. Hakushusha sauti hata kidogo. Alitaka nisikie.

"Mwambie sipo."

Mke mdogo akatoka. Nilingoja anitukane, au anitanie, nilikuwa tayari kwa lolote. Alisimama mlangoni, mkono kwenye pazia, akanitazama miguuni.

"Hayupo, baba."

"Amekwenda wapi?" nikauliza, mjinga mimi, kwa kuwa sikutaka kuondoka.

Akageuza uso ndani kama anayetaka kuambiwa la kujibu. "Hayupo," akasema tena, akaliachia pazia.